Tumbo hukatwa mara moja

Machi 2005, mwanasoka Diego Maradona alipasuliwa mjini Cartagena, Kolombia, ili tumbo lake lipokee chakula kidogo na lishibe upesi. Ilipofika Agosti alikuwa kwenye televisheni ya Argentina akiendesha kipindi chake mwenyewe, suti imemkaa, shingo imeonekana tena. Mwaka 2015 alipasuliwa kwa mara nyingine, safari hii Maracaibo, Venezuela. Kilo zilikuwa zimerudi.

Kisa kama hicho hukatiwa hukumu papo hapo: hana nidhamu, kapewa bahati akaila. Ndivyo wasemavyo mashabiki wa mpira, na ndivyo wasemavyo majirani wa Sinza au Kisauni kuhusu dada aliyekwenda India akarudi amepungua, kisha baada ya miaka mitatu magauni yake ya zamani yakaanza kumkaa tena. Sikubaliani na hukumu hiyo, na sababu zangu ni za hesabu zaidi kuliko za huruma.

Tuanze na jina. Mtaani tunasema "amekata utumbo", na jina hilo limepotosha mengi. Katika upasuaji unaofanywa zaidi duniani leo, utumbo hauguswi. Mpasuaji hukata mfuko wa chakula kwa urefu, huondoa kama robo tatu yake au zaidi, akaacha mrija mwembamba mfano wa ndizi. Aina ya pili, ambayo chimbuko lake ni kazi ya daktari Edward Mason huko Iowa, Marekani, mwaka 1966, huacha kifuko kidogo juu ya tumbo na kukiunga moja kwa moja na utumbo mwembamba, chakula kikaruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Puto la tumboni, ambalo Hospitali ya Mloganzila jijini Dar es Salaam imekuwa ikiwawekea wagonjwa, si upasuaji kabisa: huingizwa kupitia mdomoni na hutolewa baada ya miezi kadhaa. Mtaani yote matatu hubebeshwa jina moja, na yote husimuliwa kama kung'oa jino bovu. Jino likishang'oka halioti tena. Unene uliokithiri, ambao wataalamu wetu wa lishe huuita kiribatumbo, ni ugonjwa sugu, ndugu wa kisukari na shinikizo la damu, na hakuna anayeshangaa presha ikipanda tena kwa mtu aliyeiacha kliniki.

Hesabu nzuri za muda mrefu zinatoka Sweden. Kuanzia 1987, watafiti walioongozwa na Lars Sjöström waliwafuatilia watu 2,010 waliopasuliwa, na wengine 2,037 wenye unene wa kiwango hichohicho waliopewa matibabu ya kawaida. Waliounganishwa kifuko na utumbo walifika chini kabisa ndani ya mwaka wa kwanza au wa pili, wakiwa wamepoteza kwa wastani asilimia 32 ya uzito wao. Kufikia mwaka wa kumi, upungufu uliobaki ulikuwa asilimia 25. Huko Utah, Marekani, utafiti mwingine ulikuta kilo 45 zilizopotea kufikia mwaka wa pili, 36 mwaka wa sita, na 35 mwaka wa kumi na mbili.

Takwimu hizo zina masimulizi mawili, na inategemea unaanzia wapi kusoma. Ukianzia chini kabisa, kila mtu amepanda. Ukianzia siku aliyoingia chumba cha upasuaji, bado yuko mbali sana na alikotoka. Na ukitazama Utah kwa makini utaona kwamba kati ya mwaka wa sita na wa kumi na mbili mstari umekaribia kulala. Kupanda kule hufika mahali kukachoka. Wale wenzao wa Sweden ambao hawakupasuliwa walibaki karibu palepale walipokuwa miaka yote hiyo, na vifo vilikuwa vingi zaidi upande wao.

Wastani, hata hivyo, humficha mtu. Chukua mama wa mfano aliyeingia hospitali na kilo 130, akashuka hadi 85, na leo mizani inasoma 97. Amerudisha kilo 12, zaidi ya robo ya zile 45 alizopoteza. Kwa kipimo hicho ameshindwa. Lakini ana kilo 33 pungufu, robo nzima ya uzito wake wa awali, kiasi kilekile walichobaki nacho Waswidi wa mwaka wa kumi. Kwa kipimo hiki yuko sawa na wenzake. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha jinsi mchezo huu wa vipimo ulivyo mpana: miaka mitano baada ya wagonjwa kufika chini kabisa, waliohesabiwa kuwa wamerudisha uzito walikuwa karibu asilimia 44 kwa kipimo kimoja, na karibu asilimia 87 kwa kingine. Watu ni walewale. Kwa hiyo mtu akikwambia "wengi hurudia unene wao", muulize kwanza anapima kwa rula gani.

Kuna kurudi kunakostahili wasiwasi, nako ni kule kunakorudi na maradhi. Katika watu wa Utah waliokuwa na kisukari, robo tatu walikuwa wamepona kufikia mwaka wa pili, yaani sukari imekaa sawa bila dawa. Mwaka wa kumi na mbili walibaki asilimia 51. Mimi ningemwambia mama wetu aache kwanza mizani na apime sukari, presha, na jinsi anavyolala usiku. Kilo 12 zisizogusa hayo ni jambo moja. Kilo sita zilizorudisha sindano ya insulini ni jambo jingine kabisa.

Sasa kwa nini zirudi? Jibu la kwanza ni kwamba mwili haujui kuwa unasaidiwa. Mwili unajua njaa tu, na kwa vizazi vingi njaa ndiyo iliyoua watu. Mwaka 1999 wanasayansi wa Japani, Kojima na Kangawa, waliibaini homoni iitwayo ghrelini, ambayo hutoka zaidi sehemu ya juu ya tumbo na kuupelekea ubongo habari kwamba wakati wa kula umefika. Mtu akipungua kwa kujinyima chakula, ghrelini yake hupanda. Wakati huohuo mafuta yaliyopungua hutoa leptini kidogo, ile homoni inayouambia ubongo kwamba ghala limejaa. Njaa inapanda, shibe inashuka, na mwili unaanza kubana matumizi. Watafiti walipowapima washiriki 14 wa shindano moja la televisheni la Marekani la kupunguza uzito, miaka sita baada ya kamera kuzimwa, waliwakuta miili yao inachoma kama kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa umbo lao. Hizo ni karibu chapati mbili za kusukuma, kila siku, ambazo jirani yako wa uzito uleule anakula bure na wewe unazilipia.

Upasuaji hufaulu kwa sababu unaingilia mazungumzo hayo. Ukikata mfuko wa chakula unaondoa sehemu kubwa inayotoa ghrelini. Ukiuruka, chakula hufika chini ya utumbo mapema na kuamsha homoni za shibe. Ndiyo maana aliyepasuliwa husema miezi ya mwanzo kwamba "hata hamu sina", na wanaomzunguka hudhani ameshinda nafsi yake. Hajaishinda, imenyamazishwa kwa muda. Baada ya mwaka au miwili sauti huanza kurudi, kwa mwingine kama mnong'ono, kwa mwingine kama adhana. Hapo ndipo aibu inapoanza, kwa sababu mgonjwa aliamini ule ukimya ulikuwa tabia yake mpya.

Sababu ya pili ni tumbo lenyewe. Mrija hupanuka kiasi, au kiungo kati ya kifuko na utumbo hulegea. Hilo lipo, na hupimwa kwa kamera inayopitishwa mdomoni au kwa picha za eksirei baada ya kunywa dawa nyeupe. Ila wagonjwa hulipa uzito mkubwa mno. "Daktari, nimelichana tumbo," husema, kana kwamba sahani moja ya biriani imepasua mshono. Tumbo lililopona ni misuli, hutanuka. Upana wake peke yake hueleza sehemu ndogo tu ya kilo zilizorudi.

Sehemu kubwa zaidi imo katika kile kinachoteleza. Tumbo dogo ni bawabu mkali kwa ugali na nyama choma: tonge la tatu, la nne, na mlango umefungwa. Lakini kwa vyakula laini na vya majimaji bawabu huyo amelala. Soda hupita. Juisi ya embe hupita, chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari hupita, askrimu hupita, na kaimati iliyolowa shira huyeyuka kabla ya kufika kizuizini. Mtu anayeshindwa kumaliza robo ya sahani ya wali anaweza kumaliza pakiti nzima ya biskuti kwa kudonoadonoa kutwa, na jioni akaapa, kwa ukweli wote, kwamba leo hakula kitu. Wenye kifuko kilichounganishwa huadhibiwa na sukari mwanzoni: moyo kwenda mbio, jasho, kizunguzungu, kuharisha. Wengi hujifunza kuiogopa. Kwa wengine adhabu hiyo hufifia baada ya muda, na wenye mrija hawaipati sana tangu mwanzo. Futari ya pwani, na uji wake na tambi zake na tende zake, haikubuniwa kwa ajili ya tumbo la aina hii, na sijawahi kuona karatasi ya maelekezo ya hospitali inayoizungumzia.

Pombe ina mkondo wake. Baada ya kuunganishwa kifuko na utumbo, bia moja huingia kwenye damu kwa kasi isiyo ya kawaida, na ulevi huja upesi. Utafiti wa hospitali kadhaa za Marekani uliotolewa 2012 ulikuta matatizo ya pombe yakipanda kutoka asilimia 7.6 katika mwaka wa kabla ya upasuaji hadi 9.6 katika mwaka wa pili baada yake. Maradona alilazwa mwaka 2007 kwa homa ya ini iliyotokana na ulevi. Alikuwa na historia ndefu ya uraibu kabla ya kisu, kwa hiyo sidai kwamba kisu ndicho kilichomfikisha pale. Nasema tu kwamba mtu mwenye historia kama hiyo anahitaji kuangaliwa kwa jicho kali zaidi baada ya upasuaji, na kamera za televisheni si jicho la namna hiyo.

Kuna wizi mwingine wa kimyakimya ambao hauanzii kwenye sahani. Prednisoloni ya pumu au ya baridi yabisi hunenepesha. Insulini na baadhi ya vidonge vya kisukari, dawa fulani za kifafa, dawa kadhaa za magonjwa ya akili, pia. Hata sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, ambayo wanawake wengi wa Afrika Mashariki huitumia, huongeza uzito kwa baadhi yao, na hapa kuna mtego: mwanamke aliyepungua sana hurudi kushika mimba kwa urahisi, madaktari humtaka asubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, vidonge huenda visifyonzwe vizuri na utumbo uliorukwa, basi anapewa sindano. Kabla ya kumlaumu mtu kwa kilo tano, mwombe amwage mkoba wa dawa zake mezani.

Nimefika kwenye jambo ambalo tafiti za Sweden na Utah haziwezi kutufundisha. Kwetu kilo zinazorudi hupokewa kwa vigelegele. "Umenawiri!" ni salamu. Bi harusi akiongezeka baada ya miezi sita huambiwa ndoa imemkubali. Kukonda, kwa upande wake, huulizwa: unaumwa? Kizazi cha waliokuwa watu wazima katika miaka ya 1980 na 1990 kilizika ndugu waliokonda namna hiyo, na jina la ugonjwa halikutamkwa msibani. Mtu aliyepoteza kilo 40 kwa mwaka, na ambaye hakutaka kusema alikwenda kufanya nini Chennai, India, hutembea na tetesi hizo mgongoni. Mama mkwe analeta supu. Shangazi analeta mtori. Wanasukumwa na mapenzi, na hofu ya mazishi mengine. Kisha kilo zikirudi na siri ikavuja, watu walewale waliosukuma sahani huwa wa kwanza kucheka: pesa zote zile, na mwili uleule.

Hapo mgonjwa amebanwa pande mbili, na wakati huohuo mazingira yote yanavuta upande mmoja. Takwimu za taifa za Kenya zilionyesha wanawake wenye uzito uliozidi au unene uliokithiri wakiongezeka kutoka asilimia 33 mwaka 2014 hadi 45 mwaka 2022. Hao hawajapasuliwa na hawakurudisha chochote, wamepanda tu pamoja na soda, bodaboda, kazi za kukaa na chipsi za usiku. Tunamtaka mtu mmoja mwenye tumbo dogo ashinde mkondo uliozoa karibu nusu ya wanawake wa taifa.

Nini kifanyike, basi? Mambo ya msingi hayana mvuto na yanafanya kazi. Kula protini kwanza, samaki au maharage au yai, kabla ya wanga kujaza nafasi ndogo iliyopo. Kutokunywa wakati wa kula, kwa sababu kinywaji hukisukuma chakula nje ya mrija na shibe haikai. Kunyanyua vitu vizito, hata kama ni ndoo za maji, kwa kuwa misuli ndiyo inayoendelea kuchoma hata umelala. Kupima uzito mara moja kwa wiki na kwenda kliniki zikirudi kilo tatu au nne, usisubiri ishirini. Anayetapika mara kwa mara au kupata kiungulia kikali aende mapema zaidi, hata kama mizani haijasogea. Na vitamini haziachwi: anayerudisha uzito na kuanza kujifungisha njaa huku amesahau vidonge vyake anaweza kuwa mnene na mwenye upungufu wa damu kwa wakati mmoja, B12 na madini ya chuma vimekwisha. Sanamaki na zile chai za mtandaoni zinazoharisha huondoa maji na chumvi. Mafuta hubaki yalipo, wakati mwili huo tayari unafyonza virutubisho kwa shida.

Habari kubwa ya miaka hii ni sindano. Dawa za kundi la semaglutide na liraglutide huiga mojawapo ya zile homoni za shibe ambazo upasuaji huziamsha, kwa hiyo ni jambo la mantiki kuwapa watu ambao sauti ya njaa imewarudia. Jaribio dogo la London lililotangazwa 2023 liliwachukua watu 70 ambao upasuaji haukuwapunguza vya kutosha. Baada ya wiki 24, waliopewa liraglutide walipoteza karibu asilimia 9 ya uzito, na waliopewa sindano tupu hawakufika asilimia moja. Naiona kuwa njia bora kuliko kurudi kwenye kisu kwa walio wengi. Ina masharti mawili lakini. Ukiacha sindano, uzito hurudi, kama presha inavyorudi ukiacha kidonge. Na bei yake kwa sasa ni ya watu wachache, jambo linalowafungulia mlango matapeli: Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya Ozempic (semaglutide) bandia. Hataza ya semaglutide nchini India inafikia ukomo mwaka 2026, na kwa kuwa makabati ya maduka yetu ya dawa yamejaa vidonge vya India, huenda sura hiyo ya bei ikabadilika.

Kupasuliwa mara ya pili kupo. Mrija unaweza kugeuzwa kuwa kifuko kilichounganishwa, na kwa mtu anayeteswa na kiungulia kikali huo ni uamuzi wa busara. Kiungo kilicholegea kinaweza kushonwa kupitia mdomoni bila kufungua tumbo. Ila mara ya pili hatari za kuvuja na makovu ni kubwa zaidi na kilo zinazopungua ni chache kuliko za mara ya kwanza. Anayekuuzia kisu cha pili kabla ya kukuuliza unakunywa nini, unatumia dawa gani na unalala saa ngapi, ni mfanyabiashara.

Na biashara hiyo ina kasoro moja ambayo haiko mwilini mwa mgonjwa. Wengi wa watu wetu hupasuliwa ng'ambo, India au Uturuki, au kwa jamaa zao Muscat, wakarudi na barua ya kurasa mbili na vidonge vya miezi mitatu. Malipo yalikuwa ya siku moja. Miaka kumi inayofuata haina mwenyewe. Daktari wa karibu hajui mrija ulikatwa vipi, na mgonjwa, kilo za kwanza zinaporudi, haendi kokote. Nimewauliza baadhi yao kwa nini. Hawakutaja pesa kwanza. Walitaja chumba cha mizani: muuguzi anasoma kilo kwa sauti ili mwenzake aandike kwenye kadi, na benchi zima linageuka kutazama. Pazia la kuzungushia mizani ile ni mita chache za kitambaa.